Popoo, chokaa na nafsi: Wahindi wa kale walivyobishana kuhusu akili

Haya niliyasema Jumamosi jioni mbele ya wasomaji wenzangu hapa Tanga. Waliozuiwa na mvua wameomba niyaandike yote, nami nimeyaandika kama yalivyotoka, pamoja na kurukaruka kwake. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, shikamooni. Nanyi vijana mliokaa nyuma karibu na birika, hamjambo? Asanteni kwa kuja na mvua yote hii.

Hiki mnachokiona mkononi mwangu ni kijaluba. Watu wa umri wangu na kuendelea hawahitaji kuelezwa. Kilikuwa cha bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, na hadi leo ukikifungua, harufu haijahama. Bibi alikuwa mtu wa tambuu, asubuhi na jioni. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa miguuni pake nikimtazama. Analifuta jani kwa pindo la kanga. Anachovya kidole kwenye chokaa, anapaka kidogo tu, kwa sababu chokaa ikizidi ulimi unababuka. Anatia vipande vya popoo, anakunja, anaingiza shavuni. Hapo mazungumzo yanasimama kwa muda. Na akitema, anatema nyekundu.

Sasa niambieni. Jani ni la kijani. Popoo ukiipasua ni nyeupe yenye michirizi ya hudhurungi. Chokaa ni nyeupe pe. Wekundu ulikuwa wapi? Ulijificha kwenye jani? Kwenye popoo? Kwenye chokaa? Nilimwuliza bibi. Akanitazama kama mtu anayepiga hesabu ya ada aliyonilipia shule, akasema, "Wekundu upo mdomoni."

Miaka mingi baadaye nimekaa darasani mjini Pune, India, nilikokwenda kusomea biashara na kuangukia somo la falsafa kwa sababu ya ratiba tu. Mwalimu mmoja mzee anasoma shairi la Kisanskriti, na katikati ya maneno nisiyoyajua nasikia moja ninalolijua: tambula. Nikainua kichwa. Tambuu! Neno la kijaluba cha bibi! Mwalimu akafasiri: fahamu inayoonekana katika vitu visivyo na uhai vikikutana, imezuka kama wekundu unavyozuka tambuu, popoo na chokaa vikiungana.

Swali la bibi yangu, ndugu zangu. Swali lile lile, na jibu karibu lile lile.

Waliosema hivyo waliitwa Charvaka, au Lokayata. Kwao ulimwengu ni udongo, maji, moto na hewa, basi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne chenye kufikiri. Lakini vikichanganyika kwa namna ya mwili, fahamu inatokea, kama ulevi unavyotokea nafaka ikichachuka. Mwili ukivunjika, fahamu imekwisha, na hakuna pa kuifuata. Huko India, nchi ambayo mabango ya yoga yanatuambia kila mtu amefumba macho anatafuta roho yake, walikuwapo watu waliosema waziwazi kwamba roho hakuna.

Na hili ndilo nililokuja kulisema leo. Mnalijua picha la India tunalouziwa: ubani, ukimya, mzee mwenye ndevu juu ya jabali. Sikatai, wazee wa majabali wapo. Lakini kilichonishika mimi katika elimu yao ya nafsi na akili ni ubishi. Ubishi mtamu, wenye adabu na kanuni, uliodumu zaidi ya miaka elfu mbili. Ukiutoa ubishi ule, umebaki na ubani mtupu.

Kanuni zenyewe zilikuwaje? Sikilizeni kisa.

Katika karne ya 2 kabla ya Kristo palikuwa na mfalme Mgiriki aliyetawala kaskazini magharibi ya Bara Hindi. Jina lake Menander. Sarafu zake zipo hadi leo, upande mmoja zina Kigiriki, upande wa pili lugha ya watu wa pale. Mji wake mkuu uliitwa Sagala, na wengi wanaamini ndio Sialkot ya sasa, Pakistani. Vitabu vya Wabudha vinamwita Milinda, na vinasema alikuwa hatari kwa maswali. Kila mwanachuoni aliyefika mbele yake alitoka amenywea. Mpaka akakutana na mtawa aitwaye Nagasena.

Mfalme akasema, twende tujadiliane. Nagasena akajibu: Ukijadili kama wanazuoni, niko tayari. Ukijadili kama wafalme, siko tayari. Mfalme akauliza tofauti ni nini. Akaambiwa: wanazuoni mmoja akifungwa kwa hoja, akisahihishwa, akionyeshwa kosa, hakasiriki. Wafalme wanatoa kauli moja, na asiyekubali anaadhibiwa.

Mfalme akasema: basi tujadili kama wanazuoni.

Hebu tulieni hapo kidogo. Mnawajua wangapi, mezani, msikitini, kanisani, kwenye mabaraza ya kahawa, wanaojadili kama wanazuoni? Na wangapi ni wafalme wasio na ufalme? Mimi mwenyewe nyumbani kwangu ni mfalme. Mke wangu yuko pale, anatikisa kichwa. Basi, niendelee.

Baadaye shule ya Nyaya, mabingwa wa mantiki, waliyapanga majadiliano kwa aina tatu, na kila aina ikapewa jina. Kuna vada, watu wawili wanautafuta ukweli pamoja. Kuna jalpa, kila mtu anautafuta ushindi. Na kuna vitanda: mtu hana lake analolisimamia, kazi yake ni kubomoa la mwenzake tu. Hii ya tatu sisi tunayo kila siku kwenye simu zetu.

Kanuni nyingine ninayoipenda kuliko zote: kabla hujasema lako, sema la mpinzani wako. Liseme vizuri, liseme kwa nguvu zake zote, hata yeye mwenyewe akisoma aseme "hasa, ndivyo ninavyosema." Hiyo inaitwa purvapaksha, upande wa kwanza. Ndipo ulete jibu. Msifikiri kila mtu aliitimiza, binadamu ni binadamu. Vitabu vya Charvaka karibu vyote vimepotea, na mengi tunayoyajua juu yao tunayapata kwa waliowapinga. Wapinzani hao ndio waliotuletea ule msemo wao maarufu: ishi kwa raha, hata kwa kukopa, unywe samli. Je, waliusema kweli, au ni dhihaka waliyobandikwa? Mimi nina shaka. Ukiona mafundisho ya mtu yamefupishwa kuwa ulafi, uliza nani kafupisha. Lakini ile hoja ya tambuu imehifadhiwa na watu walioichukia. Waliichukia, wakainakili sawasawa. Hiyo si heshima ndogo.

Hapa najua wapo wanaojiuliza: huyu Muislamu wa Tanga anatafuta nini huko? Nawajibu kwa jina moja: al-Biruni, mwanachuoni Muislamu. Mwaka 1030 hivi alimaliza kitabu kikubwa cha Kiarabu juu ya India. Alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, jambo ambalo mimi lilinitoa jasho nikiwa kijana, na akasema tangu mwanzo kwamba hakuandika kwa ajili ya kubishana na Wahindi, bali kuyaweka maneno yao kama walivyoyasema. Alizitafsiri hata sutra za yoga za Patanjali, yaani semi zake fupi za mafundisho, kwa Kiarabu. Nakala ya tafsiri hiyo iliibuka Istanbul na kuchapishwa 1956. Yoga ilisomeka kwa Kiarabu karibu miaka elfu moja iliyopita, nasi tunadhani ililetwa na watalii.

Turudi kwenye nafsi. Mnaonaje, roho ina uzito?

Kipo kisa katika mafundisho ya kale ya Wabudha juu ya mtawala mmoja, Payasi, wa mji wa Setavya. Payasi hakuamini kwamba kuna maisha baada ya kufa, na tofauti yake na wengine ni kwamba aliamua kupima. Alichukua mwizi aliyehukumiwa kufa, akaamrisha atiwe mtungini akiwa hai, mdomo wa mtungi uzibwe kwa ngozi mbichi na udongo, uwekwe motoni. Walipojua amekufa walifungua polepole, wote wamekodoa macho, waione roho ikitoka. Hawakuona kitu. Mwingine akapimwa kwenye mizani akiwa hai, akanyongwa bila kumwagwa damu, akapimwa tena. Maiti ilikuwa nzito zaidi.

Ni ukatili mtupu, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nausifu. Lakini angalieni swali lilivyoulizwa. Mwaka 1907 daktari mmoja wa Massachusetts, Marekani, Duncan MacDougall, alitangaza kwamba amewapima watu wakiwa wanakata roho, na kutoka hapo dunia ikapata ile hadithi ya roho yenye gramu 21. Alipima watu sita tu, na matokeo yao hayakulingana. Payasi alimtangulia kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Mtawa Kumara Kassapa alimjibu kwa mifano mingi. Mmoja wao, kwamba chuma kikiwa cha moto ni chepesi kuliko kikiwa baridi, fizikia inaukataa, tuuache. Lakini huu mwingine nimeubeba hadi nyumbani. Mtu mmoja alifika kijiji cha mbali na kome la bahari, lile kubwa la kupulizwa kama baragumu. Akalipuliza mara tatu, akaliweka chini. Wanakijiji hawajawahi kusikia sauti ile. Wakauliza, sauti tamu hii ni ya nani? Akawaambia, ni ya kome hili. Basi wakaliendea kome. Wakalilaza chali, wakaliambia: "Sema, bwana kome! Sema!" Kimya. Wakaligeuza kifudifudi. "Sema, bwana kome!" Kimya. Wakalilaza ubavu, wakalisimamisha, wakaligonga kwa mkono, kwa jiwe, kwa fimbo. Kimya. Mwenyewe akawatazama, akasema moyoni, wapumbavu hawa, akaliokota, akalipuliza, akaenda zake.

Sisi watu wa pwani tunaielewa hii kwa masikio. Kome linataka mtu, linataka juhudi yake, linataka pumzi. Ndivyo mwili, alisema Kassapa: ukiwa na uhai, joto na fahamu, unakwenda, unaona, unasikia. Vikiondoka, macho ni yale yale na hayaoni.

Lakini mmeliona lililofanyika? Payasi alitafuta kitu ndani ya mtungi, kama mtu anayetafuta sauti ndani ya kome. Kassapa hakumwambia "roho ipo, hukutazama vizuri." Alimwambia unatafuta kwa namna isiyofaa. Kati ya "ipo" na "haipo" akaweka swali jingine: inatokea vipi, kwa kukutana kwa nini na nini? Na hapo, kwa maoni yangu, Mbudha na yule mtu wa tambuu wako karibu kuliko wenyewe wangependa kukiri.

Mwingine aliyepima, tena kwa upole, ni Uddalaka. Huyu yumo katika Upanishadi ya Chandogya, maandiko ya zamani hata kumshinda Budha. Mwanawe, Shvetaketu, alipelekwa chuoni akiwa na miaka 12, akarudi na miaka 24, Veda zote, maandiko matakatifu ya Wahindu, kichwani, na pua juu. Mnawafahamu, wanaorudi hivyo. Nami nilirudi hivyo. Baba akamwambia: usile siku kumi na tano, maji kunywa upendavyo. Kijana akafunga. Siku ya kumi na sita baba akasema, haya, nisomee. Kijana akafungua kinywa: "Baba, hazinijii." Miaka kumi na miwili ya masomo, na hazimjii! Baba akasema, nenda ukale. Akala, akarudi, na kila alichoulizwa akajibu. Moto mkubwa ukibakiza kaa moja dogo kama kimulimuli, baba alimweleza, hauunguzi kitu. Litilie majani makavu litawaka tena. Akili, mwanangu, imetokana na chakula.

Walimu mliomo humu, mnaofundisha saa sita mchana watoto waliotoka nyumbani bila kifungua kinywa, mnahitaji niseme zaidi? Sisemi.

Sasa shikeni viti, tunaingia kwenye ugomvi wenyewe: je, kuna mwenye akili? Yaani mbali na kuona, kusikia, kukumbuka na kutaka, yupo anayeona, anayesikia, anayekumbuka, anayetaka?

Nyaya walisema yupo. Hoja yao naileta na embe. Embe bichi, dodo, limekatwa vipande, limenyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga, liko kwenye sinia la mama pale kituo cha basi. Wewe umepita tu. Hujaligusa, hujalinusa. Umeliona. Nini kimetokea mdomoni?

Naona watu wanameza mate. Asanteni, mmeithibitisha sutra.

Ni kweli, hoja hiyo imo katika sutra za Nyaya: jicho limeona tunda chachu, na ulimi ndio umebadilika. Jicho halijui uchachu. Ulimi haujaona kitu. Nani aliyepeleka habari kutoka jicho hadi ulimi? Lazima awepo mmoja ambaye siku ile alionja, na leo anaona, naye ndiye anayekumbuka. Kama jicho ni mtu wake na ulimi ni mtu wake, wangekaa kama majirani waliokosana. Vilevile nasema, "kile nilichokiona, sasa nakishika." Macho na mikono haviwezi kusema "ni-" ile. Ni ya mmoja, na huyo mmoja waliita atman.

Wabudha wakasema hapana. Hapo tumrudie Nagasena. Mfalme alimwuliza jina, akasema, naitwa Nagasena, lakini hilo ni jina tu, hakuna mtu humo ndani. Mfalme akamrukia: kama hakuna mtu, nani anayevaa nguo uliyopewa, nani anayekula? Nagasena akauliza: ulikujaje hapa, mfalme, kwa miguu? Nilikuja kwa gari la farasi. Nionyeshe gari. Je, mhimili ndio gari? Hapana. Magurudumu? Hapana. Boma? Nira? Hatamu? Hapana. Vyote pamoja vikiwa chungu moja? Hapana. Nje ya hivyo, kuna gari? Hapana. Basi umenidanganya, mfalme mkubwa kama wewe, umekuja kwa gari ambalo halipo! Mfalme akasema, sikudanganya, kwa sababu ya mhimili na magurudumu na boma ndipo tunasema "gari." Ndivyo hivyo hivyo, akasema mtawa, tunavyosema "Nagasena."

Na kumbukumbu je? Taa iliyowashwa jioni ikawaka mpaka alfajiri: mwali wa zamu ya kwanza ndio mwali wa zamu ya mwisho? Si ule. Ni mwingine kabisa? Nao pia si mwingine, kwa kuwa umetokana na taa ile ile. Wala usidhani hilo linamwokoa mwenye hatia. Mtu kapanda na taa darini, akala chakula chake, taa ikashika makuti, nyumba ikaungua, kijiji kikaungua. Wakamkamata. Akasema, moto nilioutumia kulia chakula si huu uliounguza kijiji. Mnampa haki? Mfalme hakumpa. Moto ule ulizaa moto huu.

Nzuri, sivyo? Nikiwa darasani nilidhani mchezo umekwisha, Wabudha wameshinda. Mwalimu akacheka, akaniuliza: ninapokufundisha, mawazo yangu yanazaa mawazo yako? Nikasema ndiyo. Basi kumbuka utoto wangu.

Nikanyamaza. Sikuwa na jibu, na lile swali halikuwa lake, ni la watu wa Nyaya: kama wazo kuzaa wazo kunatosha kuleta kumbukumbu, mwanafunzi angekumbuka ya mwalimu. Wabudha nao walijibu kwamba si kila kuzaa ni sawa, mbegu inazaa mche kwa namna ambayo maji hayauzai, na mnyororo wa mwalimu na wa mwanafunzi ni miwili. Nyaya wakauliza, umejuaje ni miwili kabla hujakubali kuna wawili? Na hivyo, na hivyo, karne kwa karne: Vatsyayana wa Nyaya, Dignaga Mbudha akampinga, Uddyotakara wa Nyaya akamjibu Dignaga, Dharmakirti Mbudha akamjibu Uddyotakara, mpaka Udayana wa Nyaya, karibu na mwaka 1000, ambaye aliandika kitabu kizima cha kuitetea nafsi dhidi ya Wabudha. Mkiniuliza mimi ni upande gani: mchana niko na Nagasena. Usiku, nikimkumbuka bibi, nageuka.

Nitaje moja tu ya usingizi, halafu chai. Ukilala usingizi wa pono, bila ndoto, ukaamka ukasema, "Aa, nimelala vizuri, sikujua lolote," umejuaje? Wafuasi wa Advaita Vedanta, shule ya Shankara, walisema unakumbuka, na hakuna anayekumbuka asichokipitia. Kwa hiyo hata kwenye usingizi wa pono fahamu ilikuwepo, imekaa macho, ila haikuwa na cha kutazama. Nyaya wakakataa: hukumbuki kitu, unakisia. Mwili umepumzika, kumekucha, hapo katikati huna habari, basi unahitimisha kwamba ulilala. Leo hii mwanafalsafa Evan Thompson amelirudisha swali hilo kwa wanasayansi wa ubongo wanaochunguza usingizi, na halijaisha. Jaribuni kesho asubuhi, kabla ya kushika simu.

Ubishi huu ulitufikiaje? Kwa miguu, ndugu zangu. Kitabu kikuu cha Dharmakirti kilikuwa kimepotea katika lugha yake ya asili; wasomi walikuwa na tafsiri ya Kitibeti tu. Rahul Sankrityayan, aliyezaliwa 1893, mtu aliyeanza na Uhindu, akawa mtawa wa Kibudha, akaishia kuwa mkomunisti, alikwenda Tibeti mara nne kati ya 1929 na 1938, akivuka milima, akiomba kufunguliwa maktaba za nyumba za watawa. Akakuta majani ya mtende yenye Kisanskriti yamelala humo kwa mamia ya miaka. Mengine aliyapiga picha, mengine akakaa akayanakili kwa mkono wake. Halafu Bimal Krishna Matilal, aliyesoma mantiki ya Nyaya Kolkata na kuishia kufundisha Oxford tangu 1976 hadi alipofariki 1991, akapigana maisha yake yote na lile picha la ubani. Alitaka wanafalsafa wa Ulaya wabishane na Nyaya kama wanavyobishana wao kwa wao. Hakuomba wapewe nafasi ya wageni.

Na sisi? Tumekaa na watu wa Bara Hindi karne nyingi. Tumechukua tambuu, tumechukua chapati, bima, hundi, gari lenyewe la Nagasena ni neno lao. Hoja zao hatukuzichukua. Ndiyo maana nimeanza kutafsiri sehemu chache kwa Kiswahili, tuzisome hapa, na nimekwama kwenye neno moja.

Neno ni manas. Kwa Nyaya ni kitu kidogo mno, kinakimbia kati ya hisi na nafsi, kinashughulikia jambo moja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ukitazama mpira husikii unapoitwa. Upanishadi ya Brihadaranyaka ina sentensi: "Manas yangu ilikuwa kwingine, sikuona. Manas yangu ilikuwa kwingine, sikusikia." Niweke nini? Akili? Akili yangu ikiwa kwingine, Kiswahili kinanifanya mwehu. Roho? Roho ikiwa kwingine, nimekufa. Mawazo? Ndivyo tunavyosema, "mawazo yalikuwa mbali," lakini mawazo ni mengi na manas ni moja. Fikra ina kasoro hiyo hiyo. Bibi yangu akiitwa akachelewa kuitika alikuwa akisema, "Moyo haukuwapo hapa, mwanangu." Lakini moyo wetu ndio pia unaopenda na kuchukia, na kwa Nyaya hiyo ni kazi ya nafsi.

Nimeandika "moyo," kwa penseli. Raba ninayo. Mwenye neno lililo bora anifuate pale kwenye birika.